Maswali ya Gereji: Tairi Limeliwa Bega la Nje

Barua nyingi safari hii zina kilio kimoja: gari lililokuwa tamu barabarani limefika saketi, limekataa kukata kona. Tumechagua sita. Vipimo vyote humu ni vya gari lenye dereva kitini na tangi la mafuta nusu.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, springi na shokapu za kiwandani, tairi mpya 225/45R17. Baada ya siku moja tu ya saketi, tairi za mbele zimeliwa bega la nje mpaka vile vipembetatu vya ubavuni vimefutika. Katikati ya kona pua inasukuma nje hata nikiongeza usukani. Karatasi ya alaimenti (vipimo vya mkao wa magurudumu) ni kijani kila mahali. Kosa liko wapi? (Msomaji, Nairobi)

Karatasi haikukudanganya, ila imejibu swali ambalo hukuuliza. Kijani maana yake ni kwamba gari limo ndani ya mipaka ya kiwanda, na kiwanda kilimfikiria mtu anayekwenda kazini kwa njia iliyonyooka. Kwenye saketi gari linalala. Impreza hii mbele imesimama juu ya shokapu moja kila upande bila mkono wa juu, na mpangilio huo hausaidii sana tairi kusimama wima mwili unapolala. Mwili ukilala digrii 3 huku kemba (mwegemeo wa gurudumu) ya kuanzia ilikuwa hasi 0.5, tairi la nje linaishia kukanyaga kwa bega, nusu nzima ya ndani imeachwa hewani. Ndiyo maana usukani wa ziada haukusaidii: unazidi kulikunja tairi ambalo tayari limelemewa.

Tiba ni kemba hasi, yaani magurudumu yaegemee ndani kwa juu na kupanuka kwa chini, kama golikipa anayesubiri penalti. Anza na ile ya bure. Mguu wa shokapu ya mbele umefungwa kwenye nako, chuma kinachobeba gurudumu, kwa bolti mbili, na ya juu kichwa chake hakiko katikati. Legeza zote mbili, sukuma juu ya gurudumu kwa ndani, zungusha bolti ya juu hadi mwisho, kisha kaza. Kwa kawaida utapata kati ya hasi 1.3 na 1.7. Upande mmoja ukifika 1.7 na mwingine ukagoma kwenye 1.4, rudisha wote 1.4, tofauti ya zaidi ya 0.2 utaisikia kwenye usukani unapofunga breki. Kaza kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari kinavyosema, halafu chora mstari wa rangi unaovuka kichwa cha bolti na chuma chake. Baada ya mizunguko ya kwanza utazame. Mstari ukiwa umekatika, bolti imeteleza na kemba imerudi ilikotoka.

Angalia pia nafasi kati ya tairi na mguu wa shokapu. Kuinamisha gurudumu kwa bolti za chini hulisogeza tairi karibu na shokapu, na chini ya milimita 5 ni kutafuta tairi lililochanika.

Ukitaka zaidi ya hapo utanunua pleti za kemba, zile zinazokaa mahali pa maunti ya juu ya shokapu. Hizo haziigusi nafasi ya tairi na shokapu, na zitakufikisha hasi 2.5 hadi 3.0 mbele. Nyuma tosheka na hasi 1.5 hadi 2.0. Tou ya mbele (magurudumu yanavyotazama ndani au nje) iwe sifuri, au nje milimita 1 kwa jumla ya magurudumu mawili. Ya nyuma sifuri hadi milimita 1 ndani. Pleti zenye bearingi ya mpira wa chuma hugonga zikiingia vumbi, na kwa barabara zetu vumbi litaingia. Zifute na uzikague kila unapobadilisha oili.

Upepo wa tairi nao una sehemu yake. Kwa gari la karibu kilo 1,400 na tairi za barabarani zenye mshiko mkali, lengo ni psi 34 hadi 36 mbele tairi likiwa moto. Ili ufike hapo, anza asubuhi na 28 au 29, na ukirudi piti punguza papo hapo kabla halijapoa. Na kama ulijaza Mombasa ukapanda na gari, usiuamini upepo huo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji itasoma karibu psi 2.5 hadi 3 zaidi hata kama hakuna aliyeongeza kitu. Kinacholibeba gari ni hicho kinachosomwa na geji, basi pimia pale pale utakapoendesha.

Kuhusu stabilaiza kubwa ya nyuma, ile fimbo inayozuia mwili kulala, ambayo kila mwenye Subaru huambiwa anunue: ni kweli inapunguza kusukuma kwa pua, lakini ije baada ya kemba. Ugumu wake hupanda kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara nne, hivyo kutoka milimita 20 kwenda 22 si asilimia 10, ni karibu 46. Mabano ya kiwandani ya nyuma kwenye Impreza za umri huu yanajulikana kwa kuvunjika yakibebeshwa stabilaiza nene. Nunua mabano imara siku hiyo hiyo.

Altezza yangu nimeishusha sentimita 6 kwa kukata springi. Sasa kwenye kona yenye bonde mkia unatupwa bila onyo, na nikipita matuta usukani unajivuta wenyewe. Tairi za nyuma zinaisha kwa ndani. Nibadilishe shokapu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Shokapu zitafuata, ila mgonjwa wa kwanza ni hizo springi. Tupa.

Ukishusha sentimita 6 bila kufupisha shokapu, umekula karibu safari yote ya kwenda juu. Gari linakuwa limekalia raba ya kugotea, au liko kidole kimoja kutoka hapo. Likiingia bonde katikati ya kona, raba inagota, na upande ule unageuka mgumu ghafla mara kadhaa kuliko springi. Tairi lililokuwa linaelekea ukingoni mwa mshiko wake halina pa kwenda ila kuteleza. Hiyo ndiyo siri ya mkia unaotupwa bila onyo. Thibitisha kwa tai ya plastiki: ifunge kwenye fimbo ya shokapu ikiwa imegusa mwili wa shokapu, zunguka mara mbili tatu, kisha tazama ilipofika. Kuigusa raba kidogo mahali pabaya kabisa pa saketi si neno. Ikiwa imezikwa ndani ya raba, umepata jibu.

Usukani kujivuta ni ugomvi wa mikono miwili. Tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu) na mkono wa chini vilipangwa vichore nyayo zinazofanana gurudumu linapopanda na kushuka. Gari likishushwa mno, kila mmoja anachora upinde wake, na tou inabadilika kwa kila tuta. Unaweza kulipima: toa springi, weka gurudumu juu ya jeki, lipandishe milimita 10 kwa milimita 10, na kila hatua pima tou. Ndani ya milimita 25 za kwanza mabadiliko yasizidi nusu milimita. Kwa Altezza, kushuka milimita 25 hadi 30 kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo kunamaliza sehemu kubwa ya tatizo bila kununua kitu kingine.

Tairi za nyuma kuisha kwa ndani, wengi hulaumu kemba. Altezza ina mikono miwili nyuma, kwa hiyo ikishuka hujipatia kemba hasi yenyewe, sawa. Lakini kemba ya hasi 2 peke yake hula tairi polepole. Kinacholiparua ni tou iliyokwenda na kemba hiyo bila mtu kuipima tena. Weka nyuma milimita 2 ndani kwa jumla, uone.

Na jambo ambalo gereji nyingi hulisahau: bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, kwa kimo chake kipya. Ukizikaza gari likining'inia kwenye stendi, raba inajisokota gari likishuka, inakuwa springi ya ziada usiyoijua, na kabla ya miezi mingi inapasuka.

Nataka koilova (springi na shokapu za kipande kimoja, za kurekebishwa kimo) za WRX. Muuzaji ana za kilo 5 na za kilo 8. Anasema 8 ndizo za mbio. Kweli? (Msomaji, Kampala)

"Kilo 8" maana yake springi hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 8 za mzigo. Tupige hesabu. Kona moja ya mbele ya gari lako hubeba karibu kilo 375 ukiondoa gurudumu na breki. Springi ya kilo 5, ikipunguzwa kidogo na mwinamo wa shokapu, inaufanya mwili udunde takriban mara 1.7 kwa sekunde. Ya kilo 8, karibu mara 2.2. Gari la michezo la barabarani huwa kati ya 1.3 na 1.6. Mara 2.2 ni sawa kwenye lami laini na tairi za mshiko mkali. Kwenye lami yenye viraka tairi litarukaruka, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Kama gari hilo hilo linakupeleka pia Jinja na kurudi, chukua 5, au 6 zikipatikana. Muulize pia muuzaji kama kimo kinarekebishwa kwa kuzungusha mguu wa chini, si kwa kuikamua springi. Zinazoshushwa kwa kulegeza springi tu hukuachia springi inayocheza gari likiinuliwa.

Huku kwetu hakuna mashine ya alaimenti ninayoiamini. Naweza kupima mwenyewe nyumbani? (Msomaji, Mwanza)

Unaweza, na ukiwa mvumilivu utaishinda mashine ambayo haijasahihishwa miaka. Uko mahali pazuri pa kununua kifaa kikuu: uzi wa nailoni wa kuvulia.

Sakafu kwanza. Chukua mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule unaopitisha mwanga, upime usawa wa sehemu nne ambapo tairi zitasimama. Magurudumu yako mita 1.5 hivi, upande mmoja ukiwa juu kwa milimita 13, tayari umedanganywa nusu digrii ya kemba. Tandika vigae chini ya zile zilizo chini mpaka zote nne zilingane. Jaza upepo sawa kushoto na kulia. Kama huna wa kukaa ndani, mifuko mitatu ya mchele ya kilo 25 kwenye kiti cha dereva itafanya kazi. Chini ya kila tairi la mbele weka vigae viwili uso kwa uso vyenye grisi katikati, ili gurudumu liweze kugeuka bila kung'ang'ania sakafu. Tikisa gari mbele na nyuma litulie. Usukani unyooke, uufunge kwa mkanda.

Sasa nyuzi. Tafuta mabomba mawili yaliyonyooka, marefu kuliko upana wa gari, na uyakate alama mbili kila moja kwa umbali ule ule kamili. Moja likae juu ya stendi mbele ya bampa, jingine nyuma, uzi upite kwenye alama kila upande kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Kwa kuwa alama zinalingana, nyuzi zako zitakuwa sambamba bila ubishi. Sogeza mabomba mpaka uzi uwe mbali sawa na kitovu cha gurudumu la mbele kushoto na kulia, kisha vivyo hivyo nyuma. Usishtuke mbele ikisoma 150 na nyuma 145. Magari mengi hayana upana sawa mbele na nyuma. Unachohitaji ni kushoto kulingana na kulia.

Kwa rula ya chuma yenye nusu milimita, pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, upande wa mbele na upande wa nyuma wa gurudumu lile lile. Umbali wa mbele ukiwa mkubwa, gurudumu linatazama ndani. Kwa rimu ya inchi 17, ambayo ukingo wake ni karibu milimita 460, tofauti ya milimita 1 ni takriban digrii 0.12. Rimu zilizopinda kidogo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, basi sogeza gari nusu mzunguko wa gurudumu, upange nyuzi upya, upime tena na uchukue wastani.

Rekebisha nyuma kwanza. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Ukianza na mbele utaishia na usukani uliopinda. Mbele, legeza nati ya kufungia na uzungushe tairodi zote mbili kiasi sawa, kwa hatua ndogo, maana robo mzunguko tu huweza kusogeza zaidi ya milimita moja. Tikisa gari, pima tena.

Kemba inapimwa kwa timazi. Ining'inize mbele ya gurudumu na upime kutoka uzi hadi ukingo wa rimu juu na chini. Kwa rimu hiyo ya 460, kila milimita 8 za tofauti ni digrii 1. Milimita 20 ni digrii 2.5. Simu yenye programu ya pima maji ikishikizwa kwenye ubao ulionyooka inafaa pia, mradi uigeuze na kusoma mara mbili. Fanya kemba kabla ya tou kila mara, kwa sababu ukigusa kemba, tou huhama.

Nina Mazda MX-5 ya 2001, naendesha siku za wazi za saketi ya Brands Hatch. Nimepimiwa uzito wa kona, yaani kilo zinazobebwa na kila gurudumu: mbele kushoto 288, mbele kulia 278, nyuma kushoto 236, nyuma kulia 288. Inageuka vizuri upande mmoja tu. Pia, kwa kuwa saketi ina kona nyingi za kulia, niongeze kemba kushoto? (Msomaji, Uingereza)

Jumla yako ni 1,090. Mbele kulia na nyuma kushoto ni 514, yaani asilimia 47.2, na jozi nyingine ya mshazari imebeba 52.8. Ni meza yenye mguu mfupi. Lengo ni 50, pungufu au zaidi ya nusu asilimia.

Toa linki moja ya stabilaiza mbele na moja nyuma kabla ya kugusa chochote. Zikiwa zimefungwa zenyewe zinaweza kusokota gari na kukupa namba za uongo. Kisha pandisha sahani za springi mbele kulia na nyuma kushoto, na ushushe mbele kushoto na nyuma kulia, kila moja mzunguko mmoja. Kwa kugawa hivyo kimo cha gari hakibadiliki. Tikisa, pima, rudia. Ukifika 50, urefu wa linki urekebishwe hadi bolti iingie kwa vidole bila kulazimishwa. Upande wa kulia utabaki mzito kuliko wa kushoto kwa sababu wewe dereva umekaa huko, na hakuna sahani ya springi itakayobadili hilo. Ni kuhamisha betri na vitu vingine, au kupunguza chakula.

Kemba isiyolingana: ipo hoja, maana tairi la mbele kushoto ndilo linaloteseka pale. Lakini anza sawa pande zote, mbele hasi 2.2, nyuma hasi 2.0, kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) karibu digrii 5, tou ya mbele sifuri na ya nyuma milimita 2 ndani. Kisha tumia kipimajoto cha sindano, si cha mwanga, ambacho husoma ngozi ya tairi iliyokwisha kupoa njiani. Choma ndani, katikati na nje mara tu ukisimama piti. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi, uko pazuri. Nje ikiwa moto zaidi, ongeza kemba. Katikati ikizidi pande zote mbili, punguza upepo. Namba za kushoto zikiendelea kulalamika peke yake, mpe 0.3 zaidi. Chunguza pia raba za kugotea, kwa sababu kona ya Paddock Hill Bend inashuka kwa nguvu na gari linabonyea sana pale chini kabla ya kupanda kona ya Druids.

Onyo moja la nchi uliyopo: chumvi ya barabarani wakati wa baridi hugandisha bolti ndefu za alaimenti za MX-5 ndani ya bushi. Ukisikia bolti inazunguka kama mpira badala ya kuachia, acha. Agiza bolti na bushi mpya kabla ya kuikata, vinginevyo gari litakaa kwenye stendi wiki mbili.

Koilova za Toyota 86 yangu zina klik 32 za kurekebisha ugumu wa shokapu. Nianzie ngapi? (Msomaji, Dubai)

Funga kabisa kuelekea upande mgumu, kisha hesabu ukirudi nyuma. Upande huo ndio wenye mwisho usiobadilika. Anza klik 16 zote nne. Mwili ukiyumba mara ya pili baada ya kubadili kona, kaza 3. Gari likitetemeka juu ya viraka au likipoteza mshiko unapopanda ukingo wa kona, legeza 3. Badilisha mbele au nyuma, kamwe si zote kwa pamoja, na uandike. Lami ya mchana wa joto huko itaongeza upepo wa tairi haraka kuliko unavyotarajia, kwa hiyo usiguse klik hata moja kabla ya kurudisha psi mahali pake. Nusu ya malalamiko kuhusu shokapu huishia kwenye geji ya upepo.